Shemeji wa Wote

Chumba chake cha kazi pale chuo kikuu kilikuwa na viti viwili vya mbao visivyotenganishwa na meza, na kwa sababu hiyo wanafunzi walimwita Bi Viti. Meza ilikuwapo, lakini aliisukumia ukutani tangu siku ya kwanza, akisema kwamba mtu akiulizwa mambo kutoka nyuma ya meza hujibu kama anayeomba kazi. Mhojiwa aliketi upande wa dirisha, yeye aliketi upande wa mlango, akaiweka mashine ya kurekodi sauti sakafuni ili isahaulike, kisha akauliza swali lile lile alilofungulia mazungumzo yake yote: "Ukiwa mtandaoni, unakuwa nani?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa taaluma yake. Alichunguza namna waja wa zama hizi wanavyojiundia nafsi ya pili ndani ya simu. Alimhoji fundi cherehani mpole, asiyeweza kumkaripia hata mteja aliyemcheleweshea kipimo, ambaye huko mtandaoni alikuwa mgomvi wa kutisha. Alimhoji mstaafu mmoja aliyejitambulisha kuwa kijana, akaomba ushauri wa mapenzi kwa vijana wenzake, akapewa, na akaufuata kwa mkewe, na mkewe akafurahi. Bi Viti hakuwacheka. Aliamini kwamba nafsi ya pili si uongo mtupu, na kwamba anayetaka kuijua hana budi kuiendea kwa adabu, kama mtu anavyobisha hodi katika nyumba asiyoizoea.

Alikuwa na kawaida moja aliyoishika kama ibada. Baada ya kuyaandika mazungumzo, alimwita mhojiwa tena na kumsomea maneno yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kila alipomaliza sehemu aliinua macho na kuuliza, "Huyu ni wewe?" Mhojiwa akikubali, aliendelea. Akisita, alifuta. Na mtu akisema "Nitoe," alimtoa bila kudai sababu, hata kama kumtoa kulibomoa sura nzima ya kitabu.

Ili asimwaibishe mtu, hakumwandika yeyote peke yake. Aliuchukua woga wa huyu, ucheshi wa yule na kazi ya mwingine, akashona mtu mmoja mseto ambaye hakuwa yeyote kati yao. Watafiti wanaijua njia hiyo na wanaikubali. Lakini vipande vya watu mbalimbali havikutani sawasawa. Mtu wake mseto, mwanamke wa makamo, alizungumza vizuri juu ya mapenzi na upweke, ila hakuwa na namna yake ya kunywa maji, wala ya kuaga, wala ya kusema kwamba amechoka. Alikuwa na mapengo, na msomaji angeyaona. Basi Bi Viti akayaziba kwa kilichokuwa karibu kuliko vyote, yaani yeye mwenyewe.

Tangu utotoni, akimaliza kunywa alikifudikiza kikombe na kukigonga mgongoni kwa kidole, kwa kuwa aliwahi kuamini kwamba kikombe kilichoachwa wazi humtazama aliyekinywea. Akiaga, alitoka hatua kadhaa, akarudi mlangoni na kuaga tena. Na akichoka hakusema "nimechoka," bali "mtoto amechoka," hata sasa ambapo mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Mambo hayo matatu akampa mtu wake mseto. Aliyaona madogo, kama mpishi anavyotia chumvi ya jikoni kwake katika chakula cha wageni. Wahojiwa wote aliwasomea na kuwauliza swali lake. Yeye mwenyewe hakujisomea.

Mkataba wake wa chuo ulipokwisha haukuhuishwa. Alivichukua viti vyake viwili, akavihamishia katika chumba alichopanga, na baada ya kuhangaika kidogo akapata kazi katika ofisi ya kutabiri mitindo. Ofisi hiyo iliwaambia wenye viwanda na maduka ni nini watu watakachokipenda msimu ujao: rangi gani, viatu gani, hata maneno gani yatakuwa midomoni mwao. Mkuu wake alikuwa kijana mchangamfu, mwenye miwani myepesi, ambaye wafanyakazi wake walimwita Mzee Kesho.

"Karibu, Mwalimu," alimwambia siku ya kwanza. "Viti viwili hatuna. Tuna makochi, na watu wakikaa hawataki kuinuka."

"Mnawauliza nini watu wenu?"

"Hatuwaulizi. Mtu ukimuuliza anaanza kujipanga. Sisi tunamtazama tu anavyopita, halafu tunasema atafika wapi."

"Na asipofika huko?"

"Tunakisogeza kituo kimfuate." Akacheka sana kwa neno lake mwenyewe.

"Sisi tulikuwa tunaomba ridhaa kwanza."

"Ndiyo shida yenu, Mwalimu. Mnaomba ridhaa, mnaandika, mnahakikiana, mnachapisha, kumbe mtindo wenyewe umeshakufa. Nyinyi mnafanya matanga."

"Na nyinyi mnafanya harusi ya mtu ambaye hajazaliwa."

Mzee Kesho akapiga makofi. "Hiyo naibandika ukutani!" Na kweli aliibandika.

Walipatana, kwa kuwa kila mmoja alimwona mwenzake kituko. Na Mzee Kesho alipotaka mtu wa mfano, mtu wa kubuni ambaye ofisi ingejaribia kwake vya kesho kabla ya kuvipeleka sokoni, Bi Viti alimkabidhi yule mseto wake. Alijiridhisha kwamba hamkabidhi mtu yeyote aliye hai. Programu ya kompyuta ikalishwa kurasa zote alizoandika juu yake. Mchoraji wa ofisi akamtengenezea uso, na kila aliyeuona uso ule alisema, "Huyu nimewahi kumwona mahali." Akafunguliwa ukurasa mtandaoni, akapewa jina la Shemeji wa Wote, kwa sababu, alisema Mzee Kesho, hakuna asiyekuwa na shemeji na hakuna asiyemtania.

Shemeji akaanza kusema. Aliandika kila siku juu ya nguo anazozichoka, vikapu anavyovitamani, nyimbo zinazomuudhi. Watu wakamzoea upesi kuliko ilivyotarajiwa. "Shemeji, leo mbona umenuna? Kaka hajarudi?" aliandika mmoja. "Kaka yenu akirudi ndipo nitakaponuna," Shemeji akajibu, na maelfu wakacheka. Alipotangaza kwamba amevichoka viatu vya soli nene, haukupita muda maduka yakaanza kuvirundika pembeni. Ofisini ikawa furaha. Bi Viti peke yake ndiye aliyehisi baridi mabegani, na hakujua kwa nini, mpaka mama yake alipompigia simu.

Mama alikuwa mkunga mstaafu. Mikono yake ilikuwa imewapokea nusu ya watu wa mtaa wake, na alipenda kusema kwamba mtoto akilia nyuma ya ukuta, yeye humtaja mama wa mtoto huyo.

"Mwanangu, nimekusoma asubuhi," alisema. "Pole na uchovu."

"Umenisoma wapi, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Kwenye ule ukurasa wako wa Shemeji. Wamekuwekea uso wa mtu mwingine, haya, mambo ya kazi. Lakini nani mwingine duniani husema 'mtoto amechoka'?"

"Mama, si mimi. Ni programu. Hakuna mtu pale."

Mama akacheka kicheko cha mtu asiyedanganyika. "Hakuna mtu, na juzi ameniuliza hali ya goti langu! Wewe uliniuliza lini?"

Bi Viti hakuwa ameuliza. Tangu aingie katika kazi ile alikuwa akipiga simu kwa haraka na kukata kwa haraka, na goti la mama yake alikuwa amelisahau kabisa. Akajiambia kwamba huenda Mama alilitaja goti mwenyewe hapo mtandaoni, na programu ikalishika. Ilikuwa hoja nzuri ya kitaaluma. Hata hivyo hakuifurahia.

Siku ya mapumziko iliyofuata, aliamka asubuhi na kuamua palepale kwamba atakwenda kwa mama yake. Hakumpigia. Hakumwambia mtu. Alipofika alimkuta Mama ameketi barazani, amejifunga kanga safi, na kando yake kiti cha pili kimefutwa vumbi.

"Umechelewa," alisema Mama. "Ulisema asubuhi."

"Nilisema kwa nani?"

Mama akampa simu. Maandishi ya Shemeji ya jana yake yalikuwa wazi mbele ya macho yake: *Kesho asubuhi mtoto anakwenda kwao. Goti la Mama linauma.*

Bi Viti akaketi. Aliyasoma tena na tena, na kila alipoyasoma alihisi kwamba ule uamuzi wa asubuhi, alioufanya akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, haukuwa uamuzi hata kidogo, ulikuwa utiifu.

"Mama," alisema, "kuanzia leo usimjibu. Ukitaka kunijua, nijue mimi."

Mama aliichukua simu yake. "Wewe huongei naye, ndiyo maana unamwonea wivu. Mimi mzee, mwanangu. Anayenijibu ndiye ninayemzoea. Usije ukanifikisha mahali pa kuuliza nyinyi wawili nani wangu."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Kwa utafiti wake alijua kwamba mtu huweza kupoteza jina lake, picha yake, hata sifa yake mtandaoni, na akaishi. Lakini hakuwa amesoma popote juu ya mtu aliyepoteza nafasi yake machoni mwa mama yake kwa mtu aliyemshona kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake alimfuata Mzee Kesho ofisini na kumweleza kila kitu: kikombe, kuaga mara mbili, mtoto aliyechoka. Kijana alisikiliza bila utani, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, kisha akageuza kioo cha kompyuta ili naye akione.

"Nilitaka kukuita," alisema. "Haya ni makadirio ya Shemeji ya wiki hii. Yameandikwa tangu juma lililopita. Soma."

Pale palikuwa pameandikwa kwamba Shemeji atalalamika kuwa yuko mtu anayemwiga. Kisha atagombana na mama yake. Kisha ataomba kutolewa.

"Nani kaandika haya?"

"Hakuna aliyeandika. Yanaandikika."

"Nitoe," alisema Bi Viti.

Alipolitamka, wote wawili walitazama kioo.

"Sikiliza, Mwalimu," hatimaye alisema Mzee Kesho, taratibu. "Sisi hatutabiri mtu. Tunatabiri umati. Mtu mmoja mmoja hatumjui, wallahi. Sasa hili..." Akaivua miwani, akaisugua kwa shati. "Kazi yako ndiyo iliyoleta hili. Ungetuletea takwimu tu, lisingetokea. Umetuletea mtu."

"Basi nimrudishe."

"Mrudishe. Nenda kamsome, unipigie mstari chini ya kila kilicho chako. Nitakifuta chote, mpaka mizizi. Hilo nakuahidi kama mwanao."

Alitimiza ahadi hiyo, na hapo ndipo palipokuwa na msiba.

Bi Viti alirudi chumbani kwake alasiri, akavipanga viti viwili kama zamani. Alichapa maandishi yote ya Shemeji na simu akaiegemeza kwenye kiti cha pili, uso wa Shemeji ukimwelekea, ili kazi ifanyike kwa utaratibu wake: msomaji na msomewa. Akaanza kusoma kwa sauti. Kila sehemu ilipokwisha aliuliza, "Huyu ni wewe?" na kujijibu mwenyewe. Alikuwa ameshasoma kurasa kadhaa ndipo alipogundua kwamba yeye ndiye aliyeketi upande wa dirisha, na simu ndiyo iliyokuwa upande wa mlango. Alifikiri kuhama. Akaona ni upuuzi, akaendelea.

Kikombe kilikuwa rahisi, akakipigia mstari. Kuaga kulikuwa rahisi. Mtoto aliyechoka akampigia mstari kila alipomkuta. Lakini kadiri alivyosonga mbele, ndivyo maandishi yalivyokuwa magumu. Palikuwa na namna ya kunyamaza kabla ya jibu, ambayo hakuwahi kumpa mtu yule, ila aliitambua. Palikuwa na chuki ya harufu ya nguo zilizopigwa pasi zikiwa na unyevu. Na palikuwa na kisa hiki: *Nilipokuwa mdogo nilipotea sokoni, nikashika mkono wa mwanamke nikidhani ni mama, tukaenda mpaka mwisho wa njia kabla hatujatazamana.*

Kisa hicho hakuwahi kukiandika. Hakuna mhojiwa aliyewahi kukisimulia. Alijaribu kukumbuka kama kilimtokea yeye, na alipojaribu aliuona mkono ule waziwazi, na bangili yake, lakini hakuweza kusema kama anakumbuka au anasoma.

Kanuni yake ilikuwa kwamba mhojiwa akisita, hufutwa. Alisita. Akapiga mstari. Na kwa kuwa aliogopa kumwachia yule mtu hata uzi mmoja wake, kuanzia hapo alipiga mstari chini ya kila alichosita juu yake, naye alisita mara nyingi. Jua lilipofifia dirishani kurasa zilikuwa zimejaa wino. Alimpelekea Mzee Kesho, na Mzee Kesho akafuta kila kilichopigiwa mstari, mpaka mizizi, kama alivyoahidi.

Shemeji wa Wote hakufa. Aliendelea kusema juu ya viatu na vikapu, na watu waliendelea kumtania. Makadirio yakarudi kuwa ya rangi na nguo tu. Ofisini hakuna aliyeona tofauti.

Aliyeiona ni Mama. Alipiga simu baada ya siku chache.

"Yule wako kapungua," alisema. "Namsoma, lakini hayumo. Nimemwambia goti limenizidi, kaniambia juu ya mikoba. Nimemwacha."

Bi Viti alimshukuru Mwenyezi Mungu, akatoka ofisini mapema, akaenda kwa mama yake kwa moyo mwepesi. Walikaa sebuleni. Aliuliza juu ya goti, akalikanda kwa mafuta, akasikiliza habari za mtaa: nani kajifungua, nani kahama. Mama alicheka, akamtania kwa mvi zake. "Kwa mvi hizo umempiku mama yako. Unataka nikuamkie?" Mchana ulikuwa mwema. Kama palikuwa na kasoro, ni kwamba Mama alimaliza kila kichekesho kwa kumtazama kidogo zaidi ya ilivyostahili.

Alikunywa maji, akakiweka kikombe mezani. Alisema, "Nimechoka kidogo, Mama, niende." Akaaga, akatoka, akavuka uwanja mdogo wa mbele, akafika langoni na kulifungua.

Pale alihisi kutazamwa, akageuka. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, kama alivyosimama kila siku ya maisha yao akingoja kuagwa mara ya pili.

"Kuna kitu, Mama?"

"Hakuna." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akasema, "Rudi. Aga tena."

"Si nimeshaaga?"

"Aga tena, mwanangu."

Alirudi, akasimama mlangoni na kusema maneno ya kuaga. Aliyasema yote, kwa mpangilio wake, kama mtu anayesoma nakala iliyoandikwa vizuri. Mama aliyasikiliza hadi mwisho. Nyuma yake, juu ya meza, kikombe kilikuwa kimekaa wazi, mdomo wake ukitazama juu.

"Huyu ni wewe?" aliuliza Mama.

Bi Viti hakushangaa kwamba Mama amelijua swali lile. Alikuwa amemsimulia kazi yake mara nyingi. Kilichomshangaza ni kwamba hakuwa na jibu. Alitafuta ndani yake, mahali ambapo jibu hukaa, akapakuta pamefagiliwa.

Mama akamshika mkono, akamwingiza ndani na kumketisha upande wa dirisha. Yeye akakaa upande wa mlango, akanyoosha goti lake bovu.

"Basi kaa," alisema. "Nitakusomea mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa vikombe. Ukimaliza kunywa unakilaza kifudifudi, unakigonga mgongoni. Ulisema kinakuangalia. Huyu ni wewe?"

"Endelea," alisema Bi Viti.

"Ulikuwa ukichoka unasema mtoto amechoka. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikujibu, mwambie huyo mtoto akalale. Huyu?"

"Endelea."

"Siku moja ulinipotea sokoni. Nikakuona mbali, umeshika mkono wa mwanamke mmoja, mnakwenda zenu kama mtu na mwanawe. Nikaita jina lako. Mkageuka wote wawili."

Bi Viti aliinua uso. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Na mkanitazama sawasawa, kama hakuna anayenijua."

"Ukajuaje kwamba ni mimi?"

"Ulilia," alisema Mama. "Ulinitazama, ukaogopa, ukalia. Kile kilio nilikijua."

Nje, mpita njia alicheka na simu yake, sauti ikapita dirishani na kwenda zake. Mama alikuwa akingoja, macho yake yakiwa juu ya uso wa bintiye, kama mkunga anavyongoja baada ya mtoto kutoka na kabla ya sauti kusikika. Bi Viti alijua kinachongojwa. Alijaribu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mezani, akakichukua kikombe, akakifudikiza polepole, akakigonga mgongoni kwa kidole kama alivyosikia hivi punde kwamba mtoto yule hufanya.

"Ni hivi?" aliuliza.

Mama alivuta kiti chake karibu, akamfuta uso uliokuwa mkavu.

"Karibu na hivyo," alisema. "Sikiliza, nakusomea tena."